Herufi Nne za Ukoo wa Sumari

Jumatatu, 9 Juni

Mlima Meru umejifunika tangu asubuhi. Mimi pia, blanketi mbili.

Blessing amerudi kutoka kazini na uso wa mtu aliyenyweshwa dawa. Huyu mjukuu ndiye ninayeishi naye hapa Kimandolu. Baba yake, Richard, yuko Mwanza na ahadi zake za kwenye simu. Miezi mitatu sasa mtoto anafanya kazi makumbusho, yale mapya ya njia ya Moshi. Kwa majaribio. Majaribio yanaisha Jumamosi hii.

Wiki nzima wana programu ya watu wa zamani mno, wa nchi inayoitwa Mesopotamia. Shule zinakwenda, makanisa yanakwenda. Watu wanafinyanga udongo, wanapigiwa kinubi, wanaonyeshwa vyungu. Blessing ndiye anayewaeleza. Na ndiye anayekagua maandishi yote kabla hayajabandikwa.

Hapo kwenye maandishi ndipo penye mwiba. Kadi za mwaliko zilitoka zimeandikwa "wafamle wa kale." Wafamle! Kadi mia tatu, na zimeshagawiwa. Mkubwa wake ni Bi. Soila, mama wa Kisongo asiyecheka ovyo. Amemwambia kosa moja tena la herufi, Jumamosi akabidhi funguo na kitambulisho, aende zake.

Mtoto amelilia kwenye kanga yangu. Nikamwambia anyamaze, ale. Amekula mabakuli mawili ya loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, na kuomba la tatu. Afadhali. Mtu anayekula hivyo hajashindwa.

Sasa niandike ambalo hakuna anayelijua. Watu wote wanasema sisomi. Kweli shule sikwenda hata siku moja, nilichunga mbuzi wa baba. Blessing hunisomea Biblia kila jioni. Hunisomea hata pakiti ya chumvi. Barua za kanisa hunisomea jirani yangu Mama Rodrick, kwa sauti ya mkuu wa wilaya. Hawajui! Herufi nilizifukuzia mwenyewe kwenye kitabu cha nyimbo. Wimbo naujua kwa kichwa, nafuata kwa kidole, neno linajitaja lenyewe. Miaka tisa sasa. Kuandika nilijifunzia kwenye madaftari ya Blessing ya shule, kurasa zilizobaki. Hili ni la hesabu, darasa la tano. Alikuwa anapata vibaya.

Kesho akina mama wa kanisa tumealikwa makumbusho. Nitakagua kila bango, kimya kimya. Nani atamshuku bibi anayetazama herufi kama anatazama sisimizi?

Jumanne, 10 Juni

Siku kubwa. Nitaandika taratibu.

Tumefika saa nne. Mama Rodrick amevaa kofia ya harusini. Blessing akasimama mbele yetu na kijiti mkononi, amenyooka, sauti haikatiki. Niliwaambia akina mama waliokaa karibu nami kwamba ni wangu. Niliwaambia na waliokaa mbali.

Akasema Mesopotamia maana yake ni nchi iliyo katikati ya mito miwili. Mama Rodrick akauliza kama ni huku mtaani Daraja Mbili. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa marehemu mume wangu, kule Akheri, mto uko huku na mto uko huku, shamba liko katikati. Nikaanza kusikiliza kwa masikio yote.

Akasema watu hao walichimba mifereji, wakapangiana zamu za maji na kugombana. Sisi! Akasema walipika pombe ya nafaka wakazunguka chungu kimoja. Sisi tena! Akasema walichinja kondoo wakatazama ini kujua yajayo. Hapo nikamwona kabisa shemeji yangu, Mzee Abdiel. Ni mzee wa kanisa na haamini mambo hayo, lakini kondoo akichinjwa hakosi kuinama kutazama.

Kisha Blessing akataja jina lao. Wasumari.

Nilishika kiti cha mbele yangu. Wasumari! Ukoo wetu! Mume wangu ni Elieshi Sumari. Mtoto mwenyewe ni Blessing Sumari, na amesimama pale anataja babu zake kama anataja majirani waliohama.

Mama Rodrick naye akapata lake. Mji mkubwa wa watu hao unaitwa Uru. Yeye ni Mchaga wa Uru, Moshi, kuzaliwa na kubatizwa. Akainuka na kofia, akawaambia akina mama kwamba hata Abrahamu alitoka Uru, imo kwenye Mwanzo, na kwao wamejua siku zote ila hawapendi kujisifu. Alipokaa akaninong'oneza kwamba mji ni wa kwao, sisi wa Meru tulikuwa vibarua. Nikamwambia mji bila watu ni mawe tu. Akasema na watu bila mji ni wakimbizi. Blessing akatuomba tunyamaze, wa nyuma hawasikii. Alikuwa anaeleza jambo kuhusu Iraki. Sikulishika.

Wengine walipokwenda kunywa chai, nikabaki kukagua. Mabango ni manne makubwa. Herufi zake ni za plastiki nyeusi, moja moja, zimebandikwa kwa gundi. Nikafuata kwa kidole, mkono mgongoni, kidole kikitembea hewani.

WASUMERI NA MIFEREJI. WASUMERI NA MAANDISHI. KINUBI CHA WASUMERI. WASUMERI NYUMBANI.

Yesu wangu. Me! Mabango manne, na yote manne yana E mahali pa A. Mtoto amekosea jina lake mwenyewe! Machozi yamemharibia macho.

Lakini nimeliona mimi kabla ya Bi. Soila. Afadhali kubwa mno. Leo nitalala.

Jumatano, 11 Juni

Imefanyika. Nimeokoa mtu.

Nilipika mapema, nikabeba bakuli la chakula nikasema nampelekea mjukuu. Mlinzi akaniamkia, akanifungulia. Nikangoja saa ya chai. Ukumbi ukabaki na mimi na kichwa cha fahali mwenye ndevu, kile cha kwenye kinubi. Nikamwomba huyo fahali, ndugu yangu, anyamaze.

E ya kwanza nimeibandua kwa ukucha. Gundi yao laini kama ya bahasha. Lakini A nitaitoa wapi? Kwenye bango lenyewe zipo, ila kutoa A hapa na kuiweka pale ni kuhamisha kosa. Nikatoka kwenye ujia, nikatazama kushoto na kulia. Mlango wa choo. Herufi zile zile, ukubwa ule ule: VYOO VYA WANAWAKE.

Nikahesabu. A nne! Kamili! Haikuzidi wala kupungua hata moja. Nikasema hii si bahati, huu ni mkono wa Mungu.

Nimebandua A nne nikazipeleka kwenye mabango. WASUMARI, WASUMARI, WASUMARI, WASUMARI. Nimezinyoosha kwa upande wa kanga. Kisha nikatazama mlango wa choo, una mapengo kama kinywa changu. Si vizuri kuacha mapengo, watu watajua pameibwa. Na E nne ninazo mkononi. Nikazibandika. Mlango umejaa vizuri: VYOO VYE WENEWEKE.

Nilitazama. Si sahihi sana. Lakini mwenye haja hasimami kusoma.

Nikampa Blessing chakula chake. Akaniuliza kwa nini kucha zangu nyeusi. Nikamwambia nimemenya ndizi. Akanibusu kwenye kilemba. Sikumwambia kitu. Ukimwokoa mtu halafu ukamwambia, umemtoza.

Jioni amenisomea Mwanzo. Nilitabasamu muda wote. Alidhani ni kwa ajili ya Yusufu.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa. Balaa lenye miguu.

Blessing amerudi saa nane mchana. Hakulia. Amekaa jikoni kimya, anatazama moto. Ninamjua akilia, huyu wa kimya simjui.

Nikamvuta neno moja moja. Asubuhi shule mbili zilifika. Mwalimu mmoja akasoma bango la kwanza kwa sauti, akauliza Wasumari ndio nani, yeye aliwaandaa wanafunzi kuhusu Wasumeri. Blessing akageuka akaona. Bango la pili hivyo hivyo. Wakati huo mgeni mtafiti, mzungu mmoja aliyejifunza Kiswahili chuoni, akatoka chooni na daftari. Akamuuliza kwa adabu kabisa neno "weneweke" ni la lahaja gani. Ameliandika! Limo kwenye daftari, linapanda ndege naye.

Bi. Soila hakupiga kelele. Alimwita ofisini akamuuliza swali moja tu. Katika jengo hili zima, ni nani mwingine anaitwa Sumari?

Nikainuka nikachochea moto usiohitaji kuchochewa.

Anadhani mtoto amebandika jina la ukoo wake kwa majivuno! Au kwa kisasi cha zile kadi. Blessing aliapa hakugusa. Bi. Soila akamwambia kama si yeye, basi amtaje aliyefanya kabla ya Jumamosi mchana. La sivyo ni funguo na kitambulisho.

Nikamuuliza Blessing kama ana mtu anayemshuku. Akasema hapana. Akanitazama hivi, nikakohoa. Akasema kwamba angalau nyumbani kuna mtu mmoja ambaye hawezi kumharibia kwa herufi.

Nimekwenda kukaa nyuma ya banda la kuku.

Nimewaza. Ninaweza kusema ni mimi. Lakini nikisema ni mimi, nimesema nasoma. Nikisema nasoma, nimepoteza kitu. Sitaki kukiandika hapa, hata kwenye hesabu za darasa la tano.

Kisha nikaona njia. Kosa ni kosa kama si kweli. Bango linasema Wasumari. Wenye jina wakija wenyewe, wakasema ndiyo, ni sisi, hivi ni vyombo vyetu, basi bango ni sahihi. Bango likiwa sahihi, hakuna aliyekosea! Nimempigia Mzee Abdiel. Nimemwambia kuna nyumba mjini imeweka vitu vya ukoo kwenye vioo na watoto wa shule wanavichungulia. Akauliza ni vitu gani. Nikamwambia vyungu, mihuri, ini na kichwa cha fahali mwenye ndevu. Akasema fahali mwenye ndevu alimsikia kwa babu yake. Kesho wanakuja.

Pumzi imeshuka kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Wamekuja kumi na moja. Pikapu ya ndizi, wazee mbele, akina mama nyuma, makoti yote ya mazishi yametoka kabatini. Mzee Abdiel na fimbo. Nilijisikia malkia. Mama Rodrick alituona tunapita, akapanda bila kualikwa, kusimamia fungu la Uru.

Bi. Soila ametupokea vizuri, shikamoo kwa kila mmoja. Alidhani ni kundi la programu. Akatuketisha, akaagiza chai. Mzee Abdiel akanywa, akaweka kikombe, akasema kwa upole kwamba ukoo haukuja kugombana. Unataka tu kujua ni Sumari yupi aliyeuza.

Bi. Soila akauliza aliyeuza nini.

Akasema vyombo.

Chai ilipoa hapo. Bi. Soila ni mwerevu, alianza kutuelewa polepole, kama mtu anayeona maji yanaingia chini ya mlango. Akatusimamisha mbele ya ramani. Akasema Wasumeri, kwa E, waliishi miaka elfu nne, elfu tano iliyopita, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Vitu hivi ni nakala, vimetengenezwa kwa plasta vionyeshe watu, vya asili viko mbali. Mzee Abdiel akauliza huko Iraki na Akheri ni mwendo gani. Akaonyeshwa kwa kidole. Kidole kilipita bahari.

Mama Rodrick akaomba aonyeshwe Uru. Akaonyeshwa huko huko, ng'ambo. Akavua kofia. Hilo nalo lilinipa nafuu kidogo, nakiri.

Kabla ya kuondoka, Mzee Abdiel akasimama mbele ya ini la kondoo, lile lenye mashimo na alama. Akasema haamini. Kisha akainama. Alitazama muda mrefu. Akasema mwenye kondoo huyu anaaibishwa na ndugu yake wa nyumba moja. Bi. Soila, mtoto wa wafugaji wa Kisongo, naye akainama akatazama. Akasema ndivyo anavyoona hata yeye. Wote wawili wakamtazama Blessing.

Jamani! Ini la plasta!

Mlangoni Mzee Abdiel aliniambia maneno machache. "Shemeji, umenivalisha koti la mazishi nije nizikwe mimi mwenyewe." Nilimshikilia fimbo apande gari.

Na sasa ni vibaya kuliko jana. Bi. Soila anaamini Blessing amepanga na ukoo mzima. Amemwambia kesho saa saba mchana, wageni wakishaondoka, alete funguo. Blessing amerudi akaanza kufua sare yake ya kazi. Anaifua aikabidhi safi. Nilimwona anasugua kola, anasugua, hakuna doa.

Jioni alichukua Biblia kama kawaida. Sauti ilikuwa imekauka. Nikamwambia leo apumzike. Akasema hapana, bibi, hii ni ya kwako, hawatanichukulia hii.

Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nimekula, nimeoga, nimekaa. Kwanza niseme: tumepona.

Nimevaa gauni la kanisani. Nimefika saa tano, siku ya kufunga programu. Nje ya ukumbi walitandaza meza ndefu, udongo wa mfinyanzi katikati, matete yamekatwa ncha. Watu wote wanajaribu maandishi ya kale, alama kama nyayo za kuku. Watoto, wazazi, hata mwalimu mkuu wa shule moja, wote mikono michafu. Mama Rodrick pale pale, anamfundisha mtoto wa watu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bi. Soila. Nikamwambia herufi nilibandua mimi. Za mabango na za chooni. Mjukuu hakujua.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alikuwa mpole. Akasema anaelewa, angekuwa na bibi kama mimi angemshukuru Mungu. Lakini nisibebe dhambi ya mtoto. Akasema Blessing mwenyewe alimwambia siku ya kwanza kwamba amelelewa na bibi asiyejua A wala B, na kwa ajili ya watu kama mimi waliweka picha nyingi. Mama Rodrick akasogea na udongo mikononi kuthibitisha. Akasema barua zangu ananisomea yeye, miaka na miaka, na hata jina langu silijui likiandikwa.

Blessing akaja kunichukua, akasema bibi, twende ukakae kivulini.

Nikakaa. Lakini pale mezani. Nikavuta donge la udongo, nikalipiga likawa bapa kama chapati. Nikachukua tete. Udongo si karatasi, unavuta, unatoa makombo. S inasumbua sana. Niliandika hivi:

NI MIMI SI BLESSING

Bi. Soila akasoma, akanitazama. Nikadhani yameisha.

Mama Rodrick akasema hayo ni maneno manne tu. Mtu anaweza kufundishwa maneno manne usiku mmoja, na mwalimu tunamjua. Bi. Soila akageuza macho kwa Blessing. Na macho yale yalikuwa ya mtu anayefunga mlango. Mtoto akaanza kutoa kamba ya kitambulisho shingoni.

Hapo nikaogopa kweli. Nikageuza kibao upande wa pili. Sikuwaza, mkono ulikwenda wenyewe. Nimeandika mpaka udongo ukaisha:

BARUA YA PASAKA JINA LANGU LILIKUWA LA KWANZA. MAMA RODRICK ALILIRUKA AKAANZA LAKE

Bi. Soila alisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, ile sauti ya kusomea maandishi ya wafalme. Watu wakamgeukia Mama Rodrick. Mama Rodrick akaanza kutafuta miwani kwenye mkoba. Miwani alikuwa ameivaa.

Akasema taratibu kwamba mistari ya barua ile ilikuwa imebanana.

Ndipo Bi. Soila akacheka. Mama wa Kisongo asiyecheka ovyo! Aliegemea meza, udongo ukamshika kwenye kiwiko, akacheka mpaka wageni wakacheka bila kujua ni nini. Akamwambia Blessing arudishe kamba shingoni. Akaniambia nimeiba herufi za choo, nimeleta ukoo mzima kwake na nimeiongezea lugha neno lisilokuwepo, lakini hajaona mtu anayebandika herufi zikanyooka namna ile. Za Blessing huwa zinalala.

Blessing peke yake hakucheka.

"Bibi. Tangu lini?"

Nikamwambia miaka tisa.

"Miaka tisa nakusomea kila jioni, na unajua?"

Sasa lile ambalo sikutaka kuliandika. Nililisema mbele ya watu, hakukuwa na njia.

"Kama ungejua nasoma, jioni ungekaa na nani? Ungekuwa na simu yako chumbani. Mimi sikutaka Biblia, nilitaka ukae."

Akakaa. Pale pale kwenye benchi lenye udongo, na sare yake aliyoifua. Akaniwekea kichwa begani. Alinuka sabuni.

Afadhali. Afadhali, afadhali, afadhali.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala mpaka jogoo akachoka.

Kanisani Mama Rodrick alipewa kusoma matangazo. Palikuwa na orodha ya akina mama waliopamba madhabahu. Jina langu lilikuwa la nne, nililiona mwenyewe kwenye ubao. Amelisoma la kwanza! Kwa sauti, ananitazama. Kisha alipofika la nne akalisoma tena, asije akaambiwa ameruka. Kwa hiyo nimepamba madhabahu mara mbili. Baada ya ibada akaniuliza kama kile kibao kinaweza kuvunjwa, maana udongo bado mbichi. Nikamwambia Bi. Soila amekiweka kwenye rafu ya kukaushia pamoja na vya watoto wa shule. Akasema watoto watakisoma. Nikamwambia wale wadogo bado hawajui. Akapata nafuu. Nami nikafurahi kwamba amepata. Ni jirani yangu.

Mzee Abdiel hapokei simu. Mkewe anasema anazunguka Akheri akisimulia alivyosoma ini la Wasumeri na likasema kweli. Kwa hiyo naye amepona.

Jioni niliogopa. Sufuria zimeoshwa, taa imewashwa, nikakaa mahali pangu nikijifanya nashona kishikizo. Nikawaza, leo haji. Ana haki asije.

Akaja. Biblia kwapani. Akanipa mimi. Akasema leo nisome mimi, yeye amechoka, atasikiliza. Nilisoma Yusufu na ndugu zake, kwa kidole, nikikwama kwenye majina. Alinisahihisha mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa sahihi mimi, akaomba radhi. Alilala kabla Yusufu hajatolewa shimoni. Niliendelea kusoma kwa sauti hivyo hivyo.

Jumanne, 17 Juni

Barua imetoka! Blessing ameajiriwa. Nimeisoma mwenyewe mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, nimesimama mlangoni ili Mama Rodrick asikie. Haina kosa hata moja. Nilikagua.

Nimepeleka mkungu wa ndizi kwa Bi. Soila kumshukuru. Ameupokea, ameniita mama. Akaomba jambo moja tu, kwamba nisiguse tena mabango. Nikaapa mbele yake, mkono juu, na nilimaanisha.

Alipokwenda kuniletea chai nilibaki ukumbini. Mabango bado yapo, programu imeongezwa wiki moja kwa ajili ya shule. Blessing amerudisha E zote mahali pake. Zinalala kidogo, kweli. Nikasoma bila haraka, kama mtu asiye na kazi.

Wa-su-me-ri.

Bi. Soila alisema kweli, si Wasumari. Hilo nimelikubali na halinisumbui. Nilikosea. Mtu mzima anakubali akikosea.

Nikaweka kidole juu ya herufi mbili za mwisho. Wa-su-me. Nikaongeza kingine, nikaziba na ile "su" ya katikati, ambayo ukiisikiliza ni kama mtu anakohoa tu. Wa. Me.

Jamani.

Wameru!

Nilimshika yule fahali ndevu. Mito miwili. Mifereji. Zamu za maji na ugomvi. E ilikuwa sahihi tangu mwanzo, maskini, nimeisumbua bure! Kosa ni hii I ya mwisho. Palitakiwa U. Na Blessing amelipita tena, kwenye mabango yote manne, na sasa ameajiriwa, kosa ni lake moja kwa moja. Mtoto huyu bila mimi angekuwa wapi?

Nikanywa chai nikaaga. Nje ya geti nimesimama kidogo. Pameandikwa KARIBU, herufi zile zile, ukubwa ule ule. U iko mwisho kabisa, ukingo wake umeshaanza kuachia kwa manyunyu. Nikiweka I pale, itakuwa KARIBI. Mgeni mwenye adabu ataingia tu. Inatosha kwa bango moja, lile kubwa la mbele.

Kiapo ninakikumbuka neno kwa neno. Niliapa kutogusa mabango. Herufi hazikutajwa.